Magongo ya Ngara na Pangani

Oktoba 1971, mjini Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo kwa wanaume. Mashindano hayo yalikuwa yafanyike Pakistan, yakahamishwa kwa sababu ya uhasama wake na India, na mwishowe Pakistan hiyo hiyo ndiyo iliyotwaa kombe. Kenya ilifungwa na wenyeji Uhispania katika nusu fainali, kisha na India katika kuwania nafasi ya tatu. Nyuma yake iliwaacha Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Ufaransa na Australia. Mwambie leo kijana wa Nairobi kwamba nchi yake iliwahi kuwa juu ya Uholanzi na Australia katika mchezo huu, atadhani unamtania. Na lililo gumu zaidi kuaminika ni kwamba timu ile ilitokana na klabu chache za ridhaa zilizokusanyika Nairobi, nyingi zikiwa katika mitaa ya Ngara, Pangani na Parklands, ambazo mtu angeweza kuzizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Hakuna mchezaji aliyelipwa. Walikuwa makarani, mafundi, walimu na wafanyabiashara.

Maelezo yanayotolewa kuhusu kupanda na kushuka kwa mchezo huo ni mafupi mno: Wahindi walikuja na magongo, Wahindi wakaondoka, magongo yakaondoka nao. Maelezo haya yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yamedumu. Lakini yanaacha maswali mengi bila jibu. Hayaelezi kwa nini jamii za asili ya Kihindi kwingineko duniani hazikufika Barcelona, wala kwa nini Kenya iliendelea kufuzu Olimpiki miaka mingi baada ya wengi wao kuondoka. Nadhani jibu liko kwenye klabu zenyewe. Klabu ya Wagoa au ya Masingasinga katika Nairobi ya mkoloni ilikuwa zaidi ya wachezaji kumi na mmoja na kipa wao wa akiba. Ilikuwa imefunga pamoja ardhi, shule, ajira na jioni za watu, na ni kifungo hicho kilichozaa wachezaji. Kilipofunguliwa, kwa sababu ambazo nyingine zilikuwa za haki kabisa, hapakuwa na mtu aliyekifunga upya kwa namna nyingine.

Tuanze na ardhi, maana Nairobi yenyewe ilianza kama ardhi ya reli. Kituo kiliwekwa mwaka 1899 kwenye kinamasi ili mafundi wa Reli ya Uganda wapumue kabla ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli hiyo. Wengi walirudi kwao, zaidi ya 2,000 walikufa, na elfu sita na ushei wakabaki. Juu ya hao wakaongezeka waliokuja wenyewe: Masingasinga wa Punjab, wengi wakiwa maseremala na wahunzi walioajiriwa kwenye karakana za reli, na Wagoa waliojua Kiingereza na hesabu na kuingia katika ofisi za serikali kama makarani. Serikali ya mkoloni ilipanga mji kwa rangi. Mzungu alikaa milimani magharibi, Mwasia akapewa maeneo ya kaskazini na mashariki ya katikati ya mji, Mwafrika akasukumwa mashariki zaidi, tena kwa kibali. Kila jamii ya Kiasia ikaomba kipande chake cha kiwanja, ikakipata, ikajenga jengo la mikutano na sherehe, na mbele yake ikasawazisha uwanja. Ndiyo maana hadi leo ukipita sehemu zile utakuta klabu zikifuatana kama maduka ya kitenge: Sikh Union, Sir Ali Muslim Club, Nairobi Gymkhana ambayo zamani ilibeba jina la Suleman Verjee, na nyinginezo.

Wagoa ndio wanaofaa kuchunguzwa kwanza, kwa sababu wanaivuruga hadithi ya kwamba mchezo ulikuja ndani ya damu. Goa ilikuwa koloni la Wareno, na mchezo unaopendwa huko mpaka leo ni kandanda. Mgoa hakuyakuta magongo kijijini kwake. Aliyakuta mjini, Bombay, kwenye shule za kimisionari na klabu za makarani, ambako vijana wenye asili ya Goa kama Leo Pinto na Walter D'Souza walipanda hadi timu ya India iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1948. Nairobi ilifanya kazi ile ile iliyofanywa na Bombay. Goan Institute ilianzishwa mwaka 1905, mji ukiwa haujatimiza miaka kumi. Baadaye wakatoka humo waliogombana na wenzao wakaanzisha Goan Gymkhana. Washonaji nguo, waliodharauliwa na makarani na kunyimwa uanachama, wakaunda chama chao wenyewe. Wafanyakazi wa reli nao wakawa na mahali pao. Jamii ya watu wachache hivyo, tena ya dini moja na lugha moja, ikawa na klabu nne mji mmoja! Mtu anaweza kuucheka ubaguzi huo wa ndani, na ulistahili kuchekwa, lakini matokeo yake uwanjani yalikuwa makubwa. Karani aliyemwona fundi cherehani hafai kukaa naye meza moja alilazimika kukutana naye Jumapili, kila mmoja na gongo lake, na hapo cheo cha ofisini hakikumsaidia. Ushindani mkali unahitaji wapinzani walio karibu na wenye sababu ya kutaka kukushinda. Wagoa wa Nairobi walikuwa nazo zote mbili.

Kisha ikaja shule. Daktari Rosendo Ayres Ribeiro, aliyekumbukwa na wengi kwa kumfuga punda milia na kumpanda katika barabara za Nairobi akiwatembelea wagonjwa, alitoa fedha nyingi kwa ujenzi wa shule ya Wagoa iliyobeba jina lake na kufunguliwa mapema miaka ya 1930. Humo, baada ya Vita vya Pili, mwalimu Anthony de Souza alifundisha magongo kwa bidii ambayo wanafunzi wake hawakuisahau. Wavulana wa shule hiyo moja wakaja kuwa sehemu kubwa ya timu za taifa za miaka ya 1960, na ukisoma orodha za Kenya za Olimpiki za wakati huo jina Fernandes linajirudia mpaka unadhani mchapishaji amekosea: Hilary, Edgar, Egbert, Leo, Silvester. Mtoto alijifunza gongo kwa mwalimu aliyekuwa anajuana na baba yake, akamaliza shule akiwa tayari na klabu inayomsubiri, akaajiriwa katika ofisi ambayo mkuu wake pengine alikuwa mwanachama wa klabu hiyo hiyo. Hakukuwa na pengo kati ya shule na klabu ambamo angetumbukia na kupotea. Katika michezo ya ridhaa pengo hilo ndilo muuaji mkuu: kijana anamaliza shule akiwa na miaka kumi na minane, anatafuta kazi, anahama mji, na gongo linabaki nyuma ya mlango.

Kwa Masingasinga mambo yalifuata mkondo huo huo kwa sura nyingine. Punjab ni chimbuko la kweli la mchezo huu, wala sitaki kulikana hilo. Jeshi la Waingereza liliupeleka kwenye kambi zake, vijiji vikauchukua, na India ikashinda dhahabu ya kila Olimpiki iliyokuwa na mchezo huo kuanzia 1928 hadi 1956. Seremala aliyeshuka melini Kilindini angeweza kuwa na kumbukumbu ya gongo tangu utotoni. Lakini kumbukumbu haichezi ligi. Sikh Union ya Nairobi ilimpa kiwanja, mashindano na watu wa kumhukumu. Wazee waliokuwa wamecheza wao wenyewe waliketi pembeni na kusema waziwazi nani amelegea. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, masika na kipupwe. Kwa hiyo fundi wa karakana au karani aliyetoka kazini jioni alibaki na mwanga wa kutosha kufanya mazoezi, mradi uwanja uwe karibu na nyumbani kwake. Na ulikuwa karibu, kwa sababu sheria za makazi zilikuwa zimemweka hapo. Gharama zilibebwa na ada za wanachama na michango ya matajiri wa jamii, ambao walitoa kwa ajili ya kiwanja kama walivyotoa kwa ajili ya hekalu na shule, bila kutofautisha sana.

Tukio moja linaonyesha uzito wa klabu hizo. Mwaka 1947 chama cha michezo cha Waasia wa Afrika Mashariki kiliwaalika Wahindi walete timu, kwa sharti kwamba Dhyan Chand, mchezaji aliyesifiwa kuliko wote duniani, awe miongoni mwao. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Timu ilifika Mombasa Desemba ya mwaka huo, miezi minne tu baada ya Bara Hindi kugawanywa kwa damu, ikazunguka Afrika Mashariki, na mzee huyo akafunga mabao 61 katika mechi 22. Waliofungwa hawakuona aibu. Walikuwa wamelipa ili wafungwe na mtu huyo. Ni klabu za ridhaa zilizoiandaa safari hiyo. Hapakuwa na wizara ya michezo ya kuisimamia, wala kampuni ya kuidhamini. Kizazi cha wavulana waliosimama pembeni ya nyanja hizo mwaka 1947 na 1948 ndicho kilichokuja kuvaa jezi ya Kenya miaka kumi baadaye.

Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1956, na timu ya magongo ilikuwamo, ikichanganya Masingasinga, Wagoa na Wazungu wachache. Kumbuka ni mwaka gani huo: hali ya hatari bado imetangazwa, makumi ya maelfu ya Waafrika wamo kizuizini, na timu ya taifa ambalo bado si taifa inatoka Nairobi na magongo yake. Miaka minne baadaye huko Roma, Kenya ilikutana na Uingereza katika robo fainali. Mechi ilichezwa dakika 127, muda wa nyongeza ukifuatwa na muda mwingine wa nyongeza mpaka wachezaji hawakuweza kukimbia, na Uingereza ikapata bao la pili na la ushindi, 2–1. Kenya ikawa ya saba mwaka huo, ya sita Tokyo 1964, ya nane Mexico City 1968. Katika zote hizo alikuwamo Avtar Singh Sohal wa Sikh Union, beki aliyeanza kuichezea Kenya mwaka 1957, akawa nahodha katika Olimpiki tatu mfululizo, na kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa mechi zake 167 za kimataifa. Surjeet Singh Panesar naye alicheza Olimpiki nne. Nitarudi kwenye jambo hilo la Olimpiki nne, maana lina sifa upande mmoja na onyo upande wa pili.

Anayeshikilia hoja ya damu atasema: vema, lakini hao wote ni watu wa asili ya Bara Hindi, klabu zilikuwa chombo tu. Basi tuitazame dunia. Mauritius, Fiji, Guyana na Trinidad zina watu wengi wenye asili hiyo kuliko Kenya ilivyowahi kuwa nao, na kwa sehemu yao katika idadi ya watu hakuna hata ulinganisho. Hakuna hata moja iliyofika Olimpiki katika magongo. Atajibu, na jibu lake lina nguvu, kwamba mababu wa huko walitoka zaidi Bihar na maeneo ya mashariki na kusini, si Punjab. Sawa. Lakini jibu hilo limekwisha kuiacha damu na kuingia katika historia, kwa sababu kilichowatofautisha watu wa Punjab na wa Bihar ni kambi za jeshi na shule, na kilichowatofautisha zaidi ni kwamba wa Bihar walipelekwa kwenye mashamba ya miwa huku wa Nairobi wakiingia kwenye karakana na ofisi za mji mmoja. Mkata miwa aliyetawanywa shambani hana jioni, hana kiwanja, wala hana klabu jirani ya kushindana nayo. Na Mgoa, kama nilivyosema, anaikata hoja hiyo pande zote mbili: kwao kandanda, Nairobi magongo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la haki. Kuzisifu klabu hizi, mtu atasema, ni kuusifu mji uliojengwa juu ya ubaguzi. Mwafrika hakuwa mwanachama. Kiwanja kilichosawazishwa vizuri kilikuwa kizuri kwa sababu ardhi iligawiwa kwa rangi na yeye ndiye aliyepewa kidogo kuliko wote. Yote haya ni kweli, na hakuna medali inayoyafuta. Ila nadhani pingamizi hili linathibitisha hoja yangu kuliko linavyoipinga, kwa sababu Waafrika wa Nairobi walipopata nafasi ndogo sana, walifanya kwa kandanda jambo lile lile. Luo Union na Abaluhya zilikuwa klabu za jamii, zenye wazee wao, michango yao na ugomvi wao. Gor Mahia ikazaliwa mwaka 1968 kwa kuunganisha timu za Waluo, na mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika. Hakuna aliyewahi kusema kandanda ya Gor Mahia imo katika damu ya watu wa Nyanza pekee. Tunajua ilitokana na mashabiki, mitaa ya mashariki ya Nairobi na uaminifu wa jamii. Kwa nini tuwaeleze Wagoa kwa kanuni nyingine?

Uhuru ulipokuja, kifungo nilichokitaja kikaanza kulegea, uzi mmoja mmoja. Shule za kijamii zilifunguliwa kwa wote, jambo lililopaswa kufanyika. Nafasi za ukarani serikalini zilichukuliwa na wananchi Waafrika, nalo lilitarajiwa. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwabana wasio raia, na wengi wa Waasia walikuwa wameshikilia pasipoti za Uingereza. Mapema 1968 Uingereza nayo ikapitisha haraka sheria ya kuwafungia mlango, na kabla mlango haujafungwa maelfu walikimbilia ndege. Sensa ya 1962 iliwahesabu Waasia wapatao 176,000 nchini Kenya. Ile ya 1969 ikawakuta 139,000. Ya 1979 ikawakuta chini ya 80,000. Wagoa, ambao riziki yao ilikuwa ofisi za serikali, walipungua kuliko wengine na kuelekea Uingereza na Kanada. Klabu zao zilibaki na majengo na deni la umeme. Masingasinga waliokuwa na karakana na biashara zao wenyewe walibaki kwa idadi kubwa kidogo, na ndiyo sababu Sikh Union ilidumu uwanjani ilhali klabu za Wagoa zikinyauka. Tofauti hiyo kati ya jamii mbili zilizocheza kwa kiwango kimoja inatokana na aina ya ajira, si ya watu.

Majirani walipata mfano mkali zaidi. Uganda ilipeleka timu ya magongo Munich mwaka 1972, wengi wao wakiwa Waasia. Idi Amin alikuwa ametangaza tarehe 4 Agosti kwamba Waasia wawe wameondoka ndani ya siku tisini, na mechi za Munich zikaanza mwishoni mwa mwezi huo huo. Watu walikuwa wakiichezea nchi ambayo ilikuwa inapakia mizigo ya wazazi wao. Uganda haikurudi Olimpiki tena katika mchezo huo. Tanzania ilifika Moscow mwaka 1980 kwa kuwa mataifa mengi yalikuwa yamesusia, na India ikaifunga 18–0. Sisemi hivyo kwa kuwacheka vijana wale. Waliitikia mwaliko uliokataliwa na wakubwa, wakasimama langoni.

Sasa kuna maelezo mengine yanayopendwa na waliocheza enzi hizo: nyasi bandia. Montreal 1976 ndiyo Olimpiki ya kwanza kuchezewa magongo juu ya zulia, na tangu hapo mchezo ukawa wa nchi tajiri, kwa sababu uwanja mmoja unagharimu fedha nyingi na kuhitaji maji ya kuumwagilia kabla ya kila mechi. Ufundi wa kulidhibiti gongo kwenye nyasi na vumbi, uliokuwa mali ya watu wa Nairobi na Lahore, ukapungua thamani mbele ya mbio na nguvu. India na Pakistan wenyewe waliumizwa. Nakubali kwamba zulia lilifanya kupanda tena kuwe kugumu. Lakini halikuanzisha kushuka. Munich ilichezwa kwenye nyasi za kawaida, na Kenya, iliyokuwa ya nne duniani miezi kumi tu kabla, ikamaliza ya kumi na tatu. Hapo ndipo ile sifa ya Olimpiki nne inapogeuka onyo. Sohal na Panesar, waliocheza Roma mwaka 1960, bado walikuwa uwanjani mwaka 1972. Timu inayowabeba wachezaji wale wale kwa miaka kumi na miwili ina wachezaji bora, na pia haina wengi wanaowasukuma kutoka chini. Mvulana ambaye angekuwa ametoka shule ya Ribeiro mwaka 1968 na kumnyang'anya mkongwe nafasi alikuwa tayari anasoma Toronto au Leicester.

Yaliyofuata yanaipinga hadithi ya kuondoka kuliko yote. Kenya ilisusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini, ikasusia na Moscow pia. Miaka kumi na miwili bila Olimpiki ingetosha kuuzika mchezo wowote wa ridhaa. Lakini Los Angeles 1984 timu ilirudi na kumaliza ya tisa, ikiwa imechanganyika kuliko zote zilizotangulia: akina Alubaha, Akatsa na Otambo pamoja na akina Sehmi na Panesar. Mwaka 1987 Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika Nzima, zulia likatandikwa City Park, na Kenya ikatwaa dhahabu na kwenda Seoul mwaka uliofuata. Waafrika hao walijifunza wapi? Majeshi, polisi, reli na shule za sekondari ziliwaleta kwenye mchezo, na klabu zilizobaki, hasa Sikh Union, zikawapa wapinzani na uwanja. Klabu hiyo ilichukua jina la Simba Union, katika nyakati ambazo serikali ilikuwa imeziagiza klabu ziache majina ya kikabila na Abaluhya ikageuka AFC Leopards. Wapo waliolalamikia jina hilo jipya. Mimi naona lilikuwa jaribio pekee la dhati la kuhamisha kifungo cha zamani bila kukikata: uwanja ule ule, wazee wale wale wa pembeni, lakini mlango uko wazi. Lilifanikiwa kwa miaka michache. Seoul ilikuwa ya mwisho, Kenya ikamaliza ya kumi na mbili, na tangu 1988 haijarudi.

Wengine huilaumu Afrika Kusini, iliyorejeshwa michezoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuikalia nafasi ya Afrika. Hilo lingekuwa na uzito kama isingekuwa Misri iliyoiwakilisha Afrika Barcelona mwaka 1992. Kenya ilikuwa imekwisha kupoteza nafasi kabla Afrika Kusini haijaanza kuizuia.

Kilichobadilika ni anayeimiliki klabu. Kenya Police inampa mchezaji ajira na cheo, na haishangazi kwamba imetwaa ligi mara nyingi. Chuo Kikuu cha Strathmore kinampa masomo. Kiwanda cha sukari cha Butali kule Kakamega kilijenga timu ikapanda hadi ubingwa. Wachezaji wenyewe hawapungui: Friends School Kamusinga na St. Anthony's ya Kitale kwa wavulana, St. Cecilia Misikhu na Tigoi kwa wasichana, zimefanya magharibi ya Kenya kuwa kile Pangani ilichokuwa miaka ya 1950. Mwalimu yuko, ushindani wa jirani na jirani uko, hata dharau kidogo ya shule hii kwa ile iko. Anachokosa kijana wa Kamusinga ni klabu inayomsubiri mtaani kwao siku ya kumaliza shule. Ligi kwa sehemu kubwa imezunguka Nairobi, umbali wa kilomita zaidi ya mia tatu na hamsini kutoka alikojifunzia. Ili aendelee kucheza lazima mwajiri au chuo kimchague, na wachache ndio wanaochaguliwa.

Klabu ya mwajiri ina nguvu mwajiri anapotaka. Timu ya wanawake ya Telkom ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi kuliko klabu yoyote ya Kenya, ikipewa basi, mazoezi na ajira. Kampuni ilipoacha ufadhili mwanzoni mwa muongo huu, mataji yote hayo hayakuwa na kiwanja wala jengo nyuma yake. Wachezaji wakachukua jina Blazers na kuendelea katika ligi kwa kujichangia na kutafuta wafadhili. Wamefika, kwa njia ya kuachwa, mahali walipoanzia washonaji wa Kigoa waliokataliwa na makarani: watu wanaojuana, wanaotoa ada yao, wanaocheza jioni baada ya kazi. Washonaji wale, hata hivyo, walikuwa na jengo lao.